Usiku Mmoja Misali



Tunapenda kukuhadithieni safari yetu ya kisiwa cha Misali, mwaka 2007, tulipokuwa darasa la tano la chuo hiki. Tulikuwa vijana kumi na wawili. Leo wengi wetu tuna watoto wanaosoma juu ya mikeka ile ile tuliyokalia sisi.

Tuliondoka Wesha kwa mashua baada ya Alasiri, na madumu ya maji ya kunywa, kwa sababu Misali hakuna kisima. Njiani ustadh alitukumbusha hadithi ambayo kila mtoto wa Pemba ameisikia kwa bibi yake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, nao hawakuwa nao. Basi akasema kisiwa chenyewe, kwa vile kinaelekea kibla, ndio msala wake. Jina limetoka hapo. Wageni wao husimuliwa hazina ya haramia Kapteni Kidd. Na sisi tuliitafuta kidogo, tukapata kifuu.

Pale Misali wavuvi hupiga dago, yaani hukaa kambini siku kadhaa wakivua na kukausha samaki kabla ya kurudi nyumbani. Mwenzetu mmoja baba yake alikuwa dagoni siku ile. Mzee yule alikuwa miongoni mwa waliopinga, katika miaka ya tisini, kisiwa kisikodishwe kwa ajili ya hoteli. Mpango ule ukavunjika, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa hifadhi, wavuvi waendelee kuvua isipokuwa katika sehemu moja iliyofungwa kabisa. Mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Sasa ile sehemu iliyofungwa ndiyo aliyokuwa akitega mzee yule tangu ujana wake.

Baada ya Magharibi mwenzetu akauliza, na sote tukanyamaza kwa sababu tulijua swali si lake peke yake:

"Ustadh, bahari ni ya Mwenyezi Mungu. Nani ana haki ya kuifunga?"

Ustadh alitukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haramu, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Mwenzetu akasema kwa adabu kwamba yule ni Mtume, na hapa wameamua watu tu. Ustadh hakukasirika. Akamuuliza:

"Dema la baba yako lina matundu ya kiasi gani?"

"Makubwa. Kidole gumba kinapita."

"Kwa nini asiyabane, asipoteze hata samaki mmoja?"

"Wadogo watoke, ustadh, wakakue."

"Basi na baba yako naye amefunga kitu."

Tulicheka. Mwenzetu alicheka pia, lakini baadaye alituambia kwamba dema lina mlango wa baba yake, na sehemu ile imefungwa na watu wengine. Mpaka leo tukikutana barazani tunalijadili jambo hili, na hatujakubaliana sote. Hata hivyo, waliovunja matumbawe kwa kigumi na waliopasua baruti hawakumwachia mtu yeyote cha kujadili.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Mlinzi wa hifadhi alituambia mapema kwamba kasa hupanda ufukweni usiku kutaga, kwa hiyo tusiwashe moto wala tochi upande wa baharini. Tulimjibu "sawa, bwana". Baada ya Ishaa, ustadh alipolala, tukawasha moto pale pale mchangani tukachoma mihogo na kuimba kasida mpaka usiku wa manane.

Alfajiri, tulipokwenda kutia udhu, tukaona mburuzo mpana umetoka majini, umepanda hatua kama ishirini, umepinda, kisha umerudi baharini. Hapakuwa na shimo. Majivu yetu yalikuwa hapo mbele yake.

Mlinzi hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alieleza kwamba kasa hukaa miaka 20 na zaidi kabla ya kupanda pwani kutaga kwa mara ya kwanza. Hutaga mayai 100 au zaidi, nayo hukaa mchangani kiasi cha siku 60. Akishtushwa na mwanga hurudi bila kutaga. Huenda akajaribu usiku mwingine, au akayamwaga mayai majini yakapotea. Ustadh alisikiliza kichwa kimeinama. Hakutuambia neno mpaka tulipofika Wesha, na wale waliosoma kwake wanajua kimya chake kilivyo.

(Tunataja hapa pia, kwa masikitiko, kwamba Machi 2024 katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba yetu, watoto 8 na mama mmoja walifariki kwa kula nyama ya kasa. Nyama hiyo huweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wazazi, tafadhali waambieni watoto.)

Kabla ya kuondoka tulifukia majivu, tukasawazisha mchanga kwa mikono, tukapakia madumu yetu. Mwenzetu alikwenda dagoni kumuaga baba yake, akakawia. Tulimwona kwa mbali akionesha kwa mkono ule mburuzo, na mzee amesimama anatazama.

Siku ya nne mzee alirudi kutoka dago. Jioni alipita chuoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama mlangoni na kapu lake. Alisema usiku wa jana yake alizima karabai mapema, na alfajiri akaona mburuzo mwengine, karibu na pale pale, na shimo limefukiwa. Tukamuuliza kama alikuwa kasa yule yule.

"Nitajuaje?" alisema, akampa ustadh samaki wawili, akaenda zake.