Aliyebaki Ndiye Aimbe

Bro wangu mkubwa alipanda ndege ya Doha Jumanne. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mazoezi. Tulikuwa watatu kwenye kile chumba tunachokodi Umoja, 500 kwa saa, na kila mtu alikuwa anakwepa kuangalia maikrofoni.

Bendi yetu hupiga deth metali yenye melodi. Magitaa mawili yanabembeleza sikio, na juu yake mtu ananguruma. Mtu huyo alikuwa bro. Tulikuwa tumerekodi nyimbo nne, maneno yote yake, kwa Kiswahili. Halafu kodi ya mathe ikalala miezi mitatu, na kazi ya usoja wa geti ikapatikana Qatar. Hakukuwa na mjadala.

"Sasa nani ataimba?" mpiga ngoma akauliza.

Nikasema tutatafuta mtu. Mimi ni wa gitaa.

Usiku huo nikarudia The Gallery, albamu ambayo bro aliniwekea kwenye flashi nikiwa kidato cha pili. Ni albamu ya pili ya Dark Tranquillity, bendi ya Gothenburg, mji wa bandari kule Uswidi. Ya kwanza, Skydancer, ilitoka 1993, na mwimbaji alikuwa Anders Fridén. Kisha Fridén akaondoka. Badala ya kutafuta mgeni, Mikael Stanne, aliyekuwa akipiga gitaa, akashika maikrofoni. The Gallery ikatoka 1995. Stanne alizaliwa 1974. Piga hesabu: miaka 21. Umri wangu.

Fridén naye alienda In Flames, bendi ya mji huohuo, ambayo albamu yake ya kwanza ilikuwa imeimbwa na nani? Stanne. Ni kama mtaa ambao watu wanaazimana sufuria.

Wasee husema albamu ya pili ndiyo huonyesha kama ya kwanza mlibahatisha. Mimi naona huonyesha nani amebaki. Skydancer inataka kusema kila kitu kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayeogopa kukatizwa. The Gallery bado ina haraka, lakini imejifunza kupumua. Kuna wimbo unaitwa "Lethe", jina la mto wa usahaulifu katika hadithi za Wagiriki. Unaanza polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba ambacho watu wamelala. Na sauti inayokuja baadaye ni ya jamaa ambaye miaka miwili nyuma, kazi yake kubwa ilikuwa nyuzi.

Basi nikaanza kujifunza. Kunguruma si kupiga kelele. Ukikwaruza koo, kesho huna sauti. Pumzi inatoka chini, tumboni. Nilifanyia mazoezi chini ya blanketi, na mto usoni. Siku ya tatu mama wa mlango wa pili alimuuliza mathe kama kijana wake ameanza kifafa. Jioni nikakuta wamama wanne wa maombi wamekaa kwenye kiti, chai mezani, wananingoja mimi.

"Wewe kijana," mathe akasema, "kama ni mambo ya ndugu yako, lia tu. Hakuna anayekucheka."

Sikulia. Nilikunywa chai, nikaombewa.

Baada ya mwezi nikamtumia bro rekodi ya wimbo wetu wa zamani, sauti yangu, maneno yake. Alikaa siku mbili bila kujibu. Yuko shifti ya usiku, nikajiambia. Mwishowe ikaja voisi fupi, nyuma yake upepo na lori likirudi kinyumenyume:

"Umenguruma vizuri, buda. Lakini unaniiga. Hizo nne ziache, ni zangu. Andika zako."

Iliniuma. Niliisikiza mara nyingi nikitafuta mahali ambapo amekasirika. Sikupata. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa ananiachia bendi, vile alivyoniachia kitanda cha dirishani ambacho mpaka leo silalii.

Wimbo wa kwanza niliuandika kuhusu hicho kitanda. Mpiga ngoma alisema beti la pili ni refu sana, na alisema ukweli. Nimelikata.

The Gallery ina nyimbo 11. Sisi tunazo tatu. Pesa ya kodi bro hutuma tarehe 5 bila kukosa. Ya chumba cha Umoja tunachanga wenyewe, na Jumamosi nafika mapema, nasimama mbele ya maikrofoni.