Miaka 17 ya Shabana, na Yangu

Kwa miaka sita bonasi yangu ya majani chai haikufika nyumbani. Sisi wakulima wadogo wa Nyamira tunalipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa majani tunayopeleka kituoni, kisha bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Hiyo ndiyo karo ya Januari. Hiyo ndiyo mabati, ndiyo ndama. Yangu niliibeti yote kwenye mechi za Uingereza, nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha video pale sokoni, na mama watoto akidhani kiwanda kimetupunja.

Siwezi kueleza nilivyoacha bila kueleza habari za Shabana.

Timu hii ilianza mwaka 1980 mjini Kisii, na jina lake lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi. Duka la misumari na mabati likalea timu ya mpira, na timu ikawa ya Abagusii wote. Tata, yaani baba yangu, alinipeleka Uwanja wa Gusii mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi. Tulitoka nyumbani alfajiri, tukapanda matatu Keroka, mimi nimekaa mapajani pake. Enzi hizo Gor Mahia na AFC Leopards walikuja Kisii wakijua wana kazi. Tulikuwa na Henry Motego. Tulikuwa na Henry Nyandoro. Vijana wetu hao waliitwa kwenye timu ya taifa, Harambee Stars, na siku ambayo hatukuwa na nauli tuliwafuata redioni, majirani wote wamejaa uani kwetu, Leonard Mambo Mbotela akitangaza kwa kasi hata tata akisahau chai yake ikapoa. Ubingwa wa ligi hatukuwahi kuutwaa enzi hizo. Sikumbuki mtu yeyote kijijini aliyeipenda timu kidogo kwa sababu hiyo.

Mwaka 2006 Shabana ilishuka daraja. Tata alikuwa ameshafariki. Nami nikaondoka, kama wengi walivyoondoka. Timu ikahangaika katika ligi za chini mwaka baada ya mwaka, na mimi nikajifanya sina habari nayo. Nilijua hata wachezaji wa akiba wa Arsenal, lakini hungeniuliza kipa wa Shabana nikakujibu.

Kisha simu ikaleta kamari hadi mfukoni. Nilianza na shilingi 50. Anayebeti haupendi mpira tena, nasema hivi kwa sababu nimepita huko. Nilikuwa naomba timu ya Uingereza niliyoishabikia tangu ujana ifungwe, kwa kuwa mkeka wangu, yaani orodha ya mechi nilizobeti, ulitaka hivyo. Mwaka wa sita mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na nilimkuta akichuma chai siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Hakunilaumu. Aliniamkia, akaendelea kuchuma.

Mwaka 2023 Shabana ilipanda tena Ligi Kuu, baada ya miaka 17. Kisii nzima ililipuka. Kijana wangu akaniambia, "Tata, twende." Nilikuwa na shilingi 1,000 ambazo nilikuwa nimezitenga kwa mkeka wa Jumamosi ile. Nauli na tiketi zetu wawili vikazimaliza.

Siku ile tulifungwa. Nakumbuka zaidi mzee aliyeketi kando yetu, mzee wa Ogembo, akimsimulia mwanangu jinsi Motego alivyokuwa akimgeuza beki, mkongojo wake ukiwa ndio mguu. Vijana nyuma yetu waliimba wimbo wetu wa Tore Bobe dakika zote tisini, tukiwa tumefungwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilitazama mpira bila tumbo kunikaza. Tulishindwa, na hakuna kitu cha nyumbani kwangu kilichopotea. Njiani nilimweleza mwanangu ukweli wa bonasi. Usiku nikamweleza mama yake. Alilia, kisha akaniomba simu.

Sitaki mtu adhani mambo yaliisha hapo. Desemba ya mwaka huo nilianguka tena, kwa simu ya kuazima. Kilichonisaidia ni kwamba safari hii kulikuwa na watu wa kuwaambia: tulikuwa tumeshakuwa kikundi cha watu tisa tunaochanga nauli ya kwenda uwanjani, wengine wa Kisii, wengine wa Nyamira. Kaunti zilitugawa mwaka 2013, lakini timu tumebaki nayo moja. Wenzangu hao hawakunihubiria. Walinipigia simu kila Jumamosi asubuhi kuniuliza niko wapi.

Oktoba 2024 bonasi ilipita kwenye akaunti ambayo mama watoto ndiye mwenye kadi. Mwanangu alimaliza kidato cha nne akiwa hadaiwi karo.

Wewe unayesoma haya ukiwa na simu mkononi na mkeka haujafunga, uwe wa Nyansiongo, Kebirigo au Suneka: mwambie mtu mmoja leo, kabla bonasi haijaingia. Na Shabana ikicheza nyumbani, njoo. Tutakuwekea nafasi.