Simu Ikioana na Gari: Manufaa Yake na Amana Iliyomo



Ndugu wanafunzi, kila mwaka katika jarida letu tunajitahidi kuwaandikia jambo moja lenye manufaa lisilokuwemo katika vitabu vya darasani. Mwaka huu tumechagua kuunganisha simu janja na redio ya gari. Wapo watakaoshangaa, lakini tangu turudi kutoka kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani kule Mwanza mwaka jana, mmetuuliza swali hili mara nyingi kuliko maswali ya nahau: simu inaongeaje na gari bila waya? Aidha, katika safari ile yalitokea mambo ambayo waliokuwemo garini waliyaona, na ambao hawakuwemo wanafaa kuyajua. Tutaanza na gari lenyewe, kisha tutafika huko.

Gari lenye kumbukumbu za kwao

Noah nyingi mnazoziona stendi ya Bariadi zilitumika kwanza Japani. Dereva akiwasha gari asubuhi, mara nyingi husikika sauti ya mwanamke ikisema maneno machache ya Kijapani. Tumewahi kusikia abiria wakisema kuwa mama yule anasalimia, na wengine kuwa anawatakia safari njema. Kwa hakika anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendo kasi za Japani, ulioenea nchini humo tangu mwaka 2001. Kadi ilibaki kwa mwenyewe, gari likavuka bahari, na mama yule bado anamkumbusha mtu asiyekuwepo. Tuliweke akilini jambo hili: gari hubeba kumbukumbu za aliyelitumia kabla yetu.

Redio nayo ina ukwao. Japani, masafa ya FM yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95. Kwetu Tanzania vituo viko kati ya 87.5 na 108. Kwa sababu hiyo gari linalotoka bandarini hushika vituo vichache tu, na vile vya juu havisikiki kabisa mpaka fundi aweke kifaa cha kuyashusha masafa, au aing'oe redio na kuweka nyingine yenye kioo. Hapo ndipo madereva wengi wanapoigeukia simu, kwani ndani yake mna mawaidha, visomo na habari bila kutegemea kituo chochote.

Njia nne za kuunganisha

Njia ya kwanza ni waya wa AUX, wenye ncha ya milimita 3.5 pande zote mbili. Upande mmoja huingia kwenye simu, wa pili kwenye redio. Sauti yake ni safi, na gari halipati chochote zaidi ya sauti. Simu nyingi mpya hazina tundu hilo, hivyo huhitaji kiungo kidogo cha kuchomeka penye chaji.

Njia ya pili ni kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hupokea sauti kutoka kwenye simu, kisha huirusha kama kituo kidogo cha redio. Vingi hurusha kati ya 87.5 na 108. Basi kama redio ya gari inaishia 90, chagueni namba isiyo na kituo kati ya 87.5 na 90, muiweke pande zote mbili. Mwenye kuweka 100 kwenye kidude hicho atahangaika siku nzima, ilhali redio yake haifiki huko.

Njia ya tatu ni waya wa USB. Kwa redio za zamani waya huu huchaji simu tu, na pengine husoma flashi. Kwa redio mpya zenye Android Auto au Apple CarPlay, simu huonyesha ramani, namba na ujumbe kwenye kioo cha gari, na dereva huweza kuamrisha kwa sauti.

Njia ya nne ni Bluetooth, na hiyo ndiyo mliyoiulizia.

Jina la mfalme

Teknolojia hii ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund nchini Sweden, alipokuwa akifanya kazi mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, ziliungana kuiendeleza. Jina lilichukuliwa kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya kumi, aliyekuwa na lakabu hiyo yenye maana ya jino la buluu na aliyesifika kwa kuunganisha watu wake. Alama mnayoiona kwenye simu ni herufi mbili za kale za watu wa kaskazini zilizounganishwa, za mwanzo wa majina yake mawili.

Ufanyaji kazi wake ni huu. Simu na redio huzungumza kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Katika mfumo wa asili, eneo hilo limegawanywa katika njia 79, na vifaa viwili hurukaruka pamoja kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Asiyejua mpangilio wa kuruka kwao hawezi kuwafuata kwa urahisi, na vifaa vingi vinaweza kukaa mahali pamoja bila kugombana. Ili kukubaliana mpangilio huo, ni lazima kwanza vifahamiane. Kwenye simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili, kitendo hicho kimeandikwa "oanisha". Neno hili limetupendeza, kwani kuoana hakuwi kwa upande mmoja. Simu huuliza na redio hukubali. Namba sita hutokea kwenye vioo vyote viwili, nanyi mnatakiwa kuhakikisha kuwa zinafanana kabla ya kubonyeza. Redio za zamani huomba namba ya siri, ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234.

Fahamuni pia kuwa ndani ya Bluetooth kupiga simu ni kazi moja, na kucheza sauti ni kazi nyingine. Redio nyingi za Kijapani za zamani zina kazi ya kwanza tu. Simu itaungana, mtaita na kuitwa, lakini kisomo hakitasikika. Huo si ubovu wa simu wala wa redio. Hapo rudini kwenye waya.

Yaliyotokea njiani

Tuliondoka Bariadi baada ya swala ya alfajiri kwa Noah ya kukodi, wanafunzi sita na sisi tukiwa tumekaa mbele. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita zipatazo 70, barabara ya lami, kisha mtu hushika njia ya Magu kwenda Mwanza. Simu ya dereva ilikuwa imeoanishwa na redio, na mlikuwa mkisikiliza kisomo. Kabla ya kufika Lamadi kisomo kilikatika, simu ikaita, na dereva akapokea kwa kugusa kioo.

"Mwangaluka," sauti ya mzee mmoja ilijaa gari zima kupitia spika zote nne. Kabla dereva hajaitikia vizuri, mzee akaendelea: "Kijana wangu, hela ya matairi lini? Ulisema pamba ikiuzwa. Pamba imeuzwa. Mimi nina watoto wa kurudi shule Jumatatu."

Garini palikuwa kimya. Dereva aliinua simu aiweke sikioni, lakini sauti iliendelea kutoka kwenye spika, kwa sababu simu iliyooanishwa hupeleka mazungumzo kwenye gari mpaka iambiwe vingine. Akaanza kutafuta pa kubonyeza, macho yakiwa chini, na mbele yetu mtoto alikuwa akivusha ng'ombe. Tulimwambia, "Ndugu yangu, barabara!" Alishika breki, ng'ombe wakapita, tukaegesha pembeni. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Macho yakiangalia kioo kwa sekunde mbili tu, gari limekwenda mita 44 bila mwongozaji.

Alipomaliza kuzungumza nje ya gari, alirudi akiwa ameinama. "Ustadhi, mnisamehe," alisema. "Mambo yangu yamesikika mbele ya watoto." Tukamwambia kuwa deni si aibu kwa mwenye nia ya kulipa, na kwamba yaliyosikika garini ni amana. Tuliwaomba wanafunzi sita wayaache humo, na hadi leo hatujasikia hata neno moja likizungumzwa uani. Tunawashukuru kwa hilo. Haya tunayoyaandika hapa tumeyaandika kwa ruhusa yake mwenyewe, na alisema, "Andikeni, wengine wapate kujifunza."

Baada ya hapo alituomba tuunganishe simu yetu ili yake ipumzike. Tulipooanisha, simu ilituuliza kama tunaruhusu gari lisome namba za watu na rekodi ya simu zilizopigwa. Tukakataa, na kisomo kikasikika vilevile. Ndipo tulipotazama orodha ya redio ile. Mlikuwa na majina ya simu tano zilizowahi kuoanishwa, na katika ukurasa wa namba yakatokea majina mengi ya watu. Dereva aliyatazama, akasema, "Hao wote siwajui. Gari hili nimekabidhiwa mwaka juzi."

Namba hizi ni za nani?

Hapa ndipo tunapotaka mtie mazingatio. Mtu hudhani kuwa simu ni yake, basi vilivyomo ndani ni vyake pia. Kwa hakika sivyo. Katika simu yetu zimo namba za wazazi wenu wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Baadhi yao tumeweka alama pembeni ya jina, ya kutukumbusha kuwa mwana wa fulani ni yatima, au ada yake hulipwa na mtu asiyetaka ajulikane. Lau tungebonyeza kukubali, majina hayo na alama zake yangehamia kwenye redio ya gari la kukodi, na abiria yeyote wa kesho angeweza kuyasoma akiwa anangojea gari lijae. Wazazi hao walitupa namba zao sisi. Hawakuzitoa kwa gari.

Sheria za nchi nazo zimelitazama jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haitakaa kwenye kiti cha mbele cha kila Noah. Anayekaa pale ni mimi au wewe, na kidole ni chetu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, oanisheni gari likiwa limesimama, na kisomo kichaguliwe kabla ya kuondoka. Kama kuna abiria mbele, yeye ndiye ashike simu.

Pili, simu ikiuliza kuhusu namba na rekodi za simu, kwenye gari lisilo lenu kataeni. Sauti haihitaji namba za watu.

Tatu, simu ikiita garini na mna watu, mwenye simu asipokee mpaka aegeshe. Akishaegesha, kwenye kioo cha simu iko sehemu ya kuchagua sauti itokee wapi. Achague simu badala ya Bluetooth, kisha azungumze. Na sisi wengine, yakitufikia masikioni yasiyotuhusu, tusiyabebe.

Nne, mkimaliza safari, futeni pande zote mbili. Kwenye simu nendeni kwenye mipangilio, tafuteni jina la gari na mbonyeze "sahau". Kisha kwenye redio futeni jina la simu yenu katika orodha. Simu ikisahau peke yake, gari linaweza kuendelea kukumbuka.

Tano, anayeuza gari, au anayelirudisha kwa tajiri wake, airudishe redio katika hali ya kiwandani kabla ya kukabidhi funguo. Anayenunua naye afanye hivyo, hata kama aliyemuuzia ni ndugu yake.

Dereva wetu alifanya hivyo kabla hatujaanza safari ya kurudi. Tulikaa naye kwenye egesho pale Mwanza, tukafuta simu moja baada ya nyingine, mwanafunzi mmoja wa darasa la juu akitusomea maandishi ya redio. Kazi yote haikuzidi dakika kumi. Na mzee wa matairi, tumeambiwa na dereva mwenyewe, amekwishalipwa hela yake yote.

Wenye magari majumbani, mtazameni baba au kaka orodha ya redio yake juma hili, mkihesabu ni simu ngapi zimo na ni ngapi mnazifahamu wenyewe. Mtakaoshindwa kusoma maandishi ya Kijapani, njooni Alhamisi baada ya swala ya alasiri, tutakwenda pamoja kwa fundi.

Wabillahi tawfiiq.