Sekunde Arobaini

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nimesimama juu ya kreti la soda mbele ya turubai la harusi hapa Nkwenda, kamera begani, nikingoja MC awaite ndugu wa bibi harusi waje kutuza. Saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri ardhi iliguna. Nasema iliguna kwa sababu sauti ndiyo iliyotangulia, kama lori la ndizi linalopanda kilima kwa gia ndogo. Kisha nguzo za turubai zikaanza kucheza, chupa zikaanguka mezani moja baada ya nyingine, watu wakakimbia. Mimi sikukimbia wala sikuzima kamera. Mkono ulikuwa umeganda.

Kitovu cha tetemeko lile kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na Nsunga, na ukubwa wake ulikuwa 5.9. Bukoba nyumba zilianguka, na katika mkoa wetu wa Kagera walikufa zaidi ya watu 15. Usiku ule, nikiwa nimelala nje na wanangu kwa kuogopa kuta, niliirudia kadi ya kamera na kuona kitu ambacho miaka kumi ya kupiga picha za harusi haikuwahi kunipa. Bibi harusi kwetu hukaa ameinamisha uso tangu asubuhi. Akitabasamu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka kwao. Yule naye alikuwa hivyo. Ardhi ilipotikisika aliinua uso akamtafuta mama yake kwa macho, si mume aliyekuwa ubavuni pake. Mama akaja akiruka viti, kitenge kikimporomoka, wakashikana wote wawili wamefumba macho. Sekunde arobaini. Familia iliniomba nizikate, nikazikata, maana mkanda wa harusi hautakiwi kuonyesha hofu. Ila sikuzifuta.

Kazi hii niliianzia gizani. Mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na saba, niliajiriwa kwenye kibanda umiza: banda la mabati na maturubai meusi, mabenchi ya mbao, televisheni moja na jenereta lililolia nyuma kama ng'ombe mgonjwa. Nilikusanya viingilio mlangoni, nikabadilisha mikanda kwenye deki, nikafagia maganda ya karanga. Mikanda ilitujia kwa njia mbili. Mingine ilitoka Dar es Salaam kupitia Bukoba. Mingine ilivuka kutoka Uganda kwa Murongo, na hiyo ilikuja imeshatafsiriwa juu kwa juu kwa Kiganda na wale wanaoitwa ma-VJ. Miaka ya baadaye sauti ya VJ Jingo ilijulikana vijijini kwetu kuliko sauti ya mbunge. Dar nayo ikatuletea Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyewafanya Wahindi na Wamarekani wazungumze Kiswahili chenye utani na mafumbo. Nilimpenda na bado namheshimu.

Lakini nikikaa mlangoni nilianza kuona jambo. Wazee na akina mama waliokuwa ndani walikuwa Wanyambo. Nyumbani walilia, waligombana na kubembeleza watoto kwa Kinyambo. Humu bandani, mwanamke wa Bombay akifiwa, uchungu wake ulipita kwa mtu wa Dar au wa Kampala ndipo umfikie bibi wa Nkwenda. Alipokea uchungu wa mtu wa mbali kupitia ulimi wa mtu mwingine wa mbali. Na aliulia kweli, nilimwona. Nikawa najiuliza angelia vipi kama ungekuwa wake.

Zilipokuja filamu zetu wenyewe tulizipokea kama ndugu waliorudi safari. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, mwaka uleule ambao sisi wa Nkwenda tuliacha kuwa wilaya ya Karagwe tukawa ya Kyerwa, mwenye banda alifunga siku mbili kama tuliofiwa. Hata hivyo watu wa kwenye filamu zile waliishi kwenye nyumba zenye masofa makubwa na geti la umeme. Nami, wakati huo tayari nikiwa kameramani wa harusi, niliwafundisha maharusi wangu kutembea kama wao.

Kamera yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2006 kwa fedha ya kahawa ya misimu miwili. Harusi za huku hufuata kahawa: mavuno yakishauzwa, mahari hulipwa, maturubai hukodishwa, na mimi nakula. Kazi hii inafundisha mengi. Inakufundisha kungoja, kushika kamera saa sita bila mkono kutetemeka, kujua nani ana ugomvi na nani ili usiwaweke kwenye fremu moja. Inakufundisha pia kutoa furaha mahali ambapo haipo. Nilikuwa hodari wa hilo. Nikiwa na mashaka juu ya ndoa, niliongeza muziki.

Baada ya tetemeko furaha ile ya kutengeneza ilianza kunikaa vibaya. Nikaandika kisa, nikakipeleka Dar kwa msambazaji mmoja. Alikisoma nikiwa nimesimama. Akaniambia ni kifupi mno, niongeze mpenzi wa pili na mchawi, na nikirefushe kiwe na sehemu ya kwanza na ya pili. Miaka ile ndiyo ilikuwa desturi: hadithi moja inapasuliwa kwenye diski mbili ili mteja alipe mara mbili. Nilirudi na basi siku ile ile, na njia nzima nilimfikiria babu yangu.

Babu alikuwa anajua kwebuga. Kwa Kiswahili huitwa majigambo, ingawa neno hilo linafanya yaonekane ni kujisifu tu. Kwenye sherehe alisimama na mkuki, akajitaja jina, akataja alikopita, ng'ombe aliowapoteza, mto aliouvuka, maneno yakitoka kwa pumzi ndefu isiyokatika, kisha akachoma mkuki chini akakaa. Hayakuzidi dakika tatu. Hayakuwa na sehemu ya pili. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyetumia miaka mingi kuchunguza tenzi za nanga za jirani zetu Wahaya, ameonyesha jinsi fani hizi za kwetu zilivyo na uzito wa sanaa yoyote duniani. Mimi nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya babu na mate yaliyomkauka pembeni mwa mdomo. Mtu mmoja anasema mimi ni nani, watu wanamsikiliza, anakaa. Ndicho nilichotaka kifanywe na kamera. Na nilitaka asimame yule ambaye babu hakuwahi kumwona amesimama na mkuki: mwanamke.

Julai 2018 nilikwenda Zanzibar, kwenye tamasha la filamu la ZIFF, kama mtazamaji wa kawaida. Siku mbili za basi, kisha boti. Ndani ya Ngome Kongwe nilikaa kwenye ngazi za mawe usiku baada ya usiku, nikaona watu wanaonyeshwa filamu za dakika kumi na mbili, dakika nane, na hakuna aliyeuliza iliyobaki iko wapi. Kijana mmoja niliyejuana naye pale alinijazia flashi. Humo ndimo nilimoiona *Arusi ya Mariamu*, ya mwaka 1985, dakika 36 za mwanamke msomi anayeogopa waganga wa kienyeji kwa jambo lililompata utotoni. Imetengenezwa hapa Tanzania nikiwa na miaka minne, na sikuwahi kuisikia. Humo pia mlikuwa na *Pumzi* ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009: dunia imekwisha maji, mwanamke mmoja ana mche mmoja. Sikuelewa maneno yote. Mche niliuelewa.

Kisa nilichokuja kukitengeneza kilikuwa mlangoni kwangu siku zote. Mkulima wa Kagera anajua butura. Mtu akibanwa na ada au ugonjwa, humwendea mwenye fedha na kuuza kahawa ikiwa bado ua juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Serikali inaikataza kila mwaka, na kila mwaka inafanyika usiku. Niliwaza mwanamke aliyefiwa na mume, anaamka asubuhi mibuni imechanua shamba zima jeupe, lina harufu ile tamu, kisha anaambiwa kwamba marehemu alishaliuza ua lile. Nini chake hapo? Shamba ni lake, uchungu ni wake, mikono itakayochuma ni yake. Ua si lake. Basi, filamu nzima ni hiyo, dakika tisa.

Utengenezaji ulitutesa kwa namna nzuri. Robusta huchanua kama wiki moja baada ya mvua ya kwanza kushuka, na ua hudumu siku mbili tatu tu kabla halijawa kahawia. Ratiba yetu ilipangwa na mawingu. Kibali nilishakiomba mapema, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 haijali ufupi wa filamu yako. Tulikuwa watu watano. Kwenye kibanja, mibuni iko chini ya migomba, na mwanga unaopita kwenye majani ya mgomba ni wa kijani. Uso wa mtu mweusi hugeuka kama wa mgonjwa. Tulishika shuka jeupe kuurudisha mwanga wa jua usoni. Sauti ilikuwa taabu zaidi. Majani makavu ya mgomba yakipigwa na upepo hutoa mlio uleule wa mvua, na kila niliporudia kusikiliza ilikuwa kana kwamba mwanamke anazungumza kwenye dhoruba chini ya anga ya buluu. Mwishowe tulificha simu ndani ya kanga yake, karibu na koo, ikarekodi humo.

Mwigizaji alikuwa jirani, mkulima, mama wa watoto wanne, hajawahi kusimama mbele ya kamera isipokuwa kwenye harusi ya dada yake. Mume alikubali kwa shida. "Watu watadhani ni habari za nyumbani kwangu, kameramani." Nilimwambia ukweli kwamba wapo watakaodhani hivyo. Shangazi wa mwigizaji alikuwa na wasiwasi mwingine: kulia bila msiba ni kuuita msiba. Nilimpa shikamoo, nikakaa naye jioni nzima, nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu alie.

Niliandika maneno ya mwigizaji kwa Kiswahili. Siku ya kwanza aliyasema vizuri, kila neno mahali pake, na hayakuwa na kitu. Mikono ilipanda kifuani kama walivyofanya waigizaji wa Dar, macho yakatazama juu. Nilikuwa namwona bibi wa kibanda umiza tena, safari hii akiwa ndani ya televisheni. Siku ya pili ya maua niliiweka karatasi mfukoni. Nikamwambia, "Mama, sema kama unavyomwambia marehemu, hapa hatupo." Alikaa kimya muda mrefu. Alishika tawi, akalinusa ua. Kisha akasema kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza bei, na kati ya sentensi na sentensi alisema "Maawe" kama anayejikanyaga kidole. Hakulia. Alikuwa anahesabu matawi huku anasema. Kijana aliyeshika shuka aliliachia likaanguka, na pale picha inapofifia kidogo ndipo liliposhuka. Sikurudia.

Wenzangu walinishauri niingize sauti ya Kiswahili juu yake, kwa kuwa hakuna anayenunua filamu ya Kinyambo. Nilikataa. Nikaweka maandishi ya Kiswahili chini, nikatumia wiki tatu juu ya mistari ishirini na sita, mara nyingi nikiufungua msamiati wa Kinyambo alioukusanya Profesa Josephat Rugemalira, kwa maana kuna neno moja la mwanamke yule ambalo Kiswahili kinalitakia sentensi nzima.

Tuliionyesha kwenye kiwanja cha kuanikia kahawa, kwa shuka lilelile. Neno la kwanza la Kinyambo lilipotoka kwenye spika watu walicheka kwa mshangao, watoto wakalirudia. Baadaye kicheko kilikwisha chenyewe. Mzee mmoja ambaye wote tunajua biashara yake aliinuka katikati akaondoka taratibu, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Ilipoisha walikaa. Halafu mama mmoja akaanza kueleza kahawa yake ya mwaka fulani ilikwendaje, na mwingine akafuata, hadi jenereta likazimika kwa kukosa mafuta na maongezi yakaendelea gizani.

Mwezi uliofuata, dada mmoja alibisha hodi stoo ninapofanyia uhariri, mtoto mgongoni. Sikumtambua mpaka alipotaja tarehe. Alisema alisikia kwamba siku hizi sifuti vitu. Mama yake amefariki, na kwenye mkanda wa harusi anaonekana mara mbili tu, kwa mbali, akigawa sahani. Nilitafuta diski ya zamani, nikaifungua. Alisimama karibu sana na kompyuta. Nguzo zikacheza, chupa zikaanguka, na mama akaja akiruka viti.

"Toa sauti," alisema.

Nikatoa. Akaitazama hivyo, kimya, kisha akaniomba nirudishe mwanzo.