Ukuta Huu wa Nani? Daftari la Tanga, Pangani na Mombasa

Tanga

Wanaoandika habari za Tanga huanza na magofu. Mimi naanza na lami, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukitoka stendi ya Kange kwa bajaji hadi katikati ya mji unapita barabara pana, zimefagiliwa asubuhi, na waendesha baisikeli wanapishana na magari bila kupigiana honi. Tanga ilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa barabara na mitaro katika mradi wa miji ya kimkakati, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kazi ile inaonekana. Kuona uozo wa mji huu yataka uinue kichwa.

Nilisimama mbele ya ghorofa moja ya zamani jirani na soko. Chini kuna duka la vifaa vya simu, rangi mbichi, taa zinawaka mchana. Juu, roshani ya mbao imeng'oka upande mmoja na vyuma vinavyoishika vimeliwa na kutu. Mtini umeota kwenye mfereji wa paa na mizizi yake imeteremka ukutani hadi kwenye kibao cha duka. Mwenye duka ameikata usawa wa kibao chake. Kuanzia hapo kwenda juu, kaiacha.

"Nyumba hii ya nani?" nilimwuliza fundi baisikeli aliyekaa kivulini ng'ambo ya barabara.

"Ya serikali."

"Serikali ipi?"

"Hapo ndugu yangu umenikamata. Wapangaji ndio wanajua kodi wanaipeleka wapi. Sisi tunajua mvua ikinyesha plasta inadondoka, basi."

Jibu lake lina historia ndefu. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaingiza mkonge. Miche iliyopona ilikuwa 62. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Kwa nusu karne na zaidi mji ukala kwa mkonge: maghala, benki, nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye duka chini na familia juu. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000, kiasi ambacho hakijarudi tena. Kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, Azimio la Arusha la 1967 likafuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi, na mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ikachukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wenye nyumba wengi wakahama nchi. Nyumba zikaenda kwa Msajili wa Majumba, naye mwaka 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.

Kwa hiyo mtaa mmoja wa Tanga una wenyewe wengi. Ghorofa hili ni la Shirika la Nyumba, lile la warithi waliotawanyika, lile la tatu ni wakfu. Stesheni ni ya Shirika la Reli. Gati, ambalo sasa limechimbwa na kupanuliwa hata meli kubwa zinafunga, ni la Mamlaka ya Bandari. Jengo la Kijerumani pale Bombo, lililo juu ya mwamba likitazama bahari, limesimama gofu ndani ya eneo la hospitali ya mkoa. Barabara za mitaa, tangu Julai 2017, ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA. Kubwa ni za wakala mwingine, TANROADS. Maji ni ya mamlaka ya maji, Tanga UWASA.

Na diwani? Diwani ndiye anayetukanwa kwa yote hayo, yeye na mwenyekiti wa mtaa.

Niliona hivyo katika mkutano wa mtaa, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe. Mtendaji alisoma mapato na matumizi haraka haraka, kisha maswali yakaanza. Mtaro umeziba: barabara ni ya TARURA, tutaandika barua. Bomba linavuja: tumewajulisha watu wa maji. Ukuta wa nyumba ya jirani unaegemea njia ya watoto wa shule: mwenyewe yuko nje ya nchi, tutaandika barua. Bibi mmoja akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Mwanangu mwenyekiti, wewe huna neno, tunakupenda. Lakini kama kila kitu cha mtu mwingine, sisi tulikuchagua wa nini?"

Watu walicheka, naye mwenyekiti akacheka. Nadhani lile ndilo swali zito nililolisikia katika safari nzima.

Shilingi 1,500

Ngamiani, hapohapo Tanga, kwenye barabara zake za namba, dada mmoja mpangaji wa chumba na sebule alinionyesha kwenye simu ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kanunua umeme wa shilingi 5,000. Kabla ya kufika kwenye uniti kuna makato: VAT, tozo za EWURA na REA, na kodi ya jengo shilingi 1,500.

"Mimi nina jengo?" aliniuliza.

Zamani kodi hii ilikusanywa na halmashauri yenyewe. Mwaka wa fedha 2016/17 kazi hiyo ikapewa Mamlaka ya Mapato, TRA, na Agosti 2021 ikaingizwa kwenye umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Serikali ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wao kwa wao. Dada yule alisema mwenye nyumba wake akikumbushwa hubadilisha mazungumzo.

Kwa mkusanyaji, utaratibu huu ni rahisi na haukwepeki. Ila umekata kamba. Anayelipa ni mpangaji, fedha inakwenda Hazina, halmashauri inasubiri mgawo. Diwani hawezi kusimama mbele ya wapiga kura aseme, "Kodi yenu ya majengo ilikuwa kiasi hiki, nimeifanyia hiki." Nao hawawezi kumbana kwa fedha ambayo hakuishika. Ghorofa lenye mtini juu ya paa linalipiwa kiwango kilekile na ghorofa lililopigwa rangi jana, kwa hiyo kodi haimsukumi mwenye gofu kutengeneza wala kuuza.

Linganisha na maji ya mji huohuo. Mwaka 2024 Tanga UWASA ilikopa kwa umma kupitia hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Aliyenunua hatifungani ile anajua anamdai nani, riba kiasi gani na tarehe ya malipo. Mkazi anayelipa 1,500 kila mwezi hajui hata mojawapo kati ya hayo matatu.

Wenyeji huutania mji wao kuwa ni wa waja leo, waondoka leo. Naona msemo huo unawafaa wakurugenzi. Mkurugenzi wa jiji, mwenye kalamu ya malipo, anateuliwa na Rais na anaweza kuhamishwa wakati wowote. Meya hapigiwi kura na wananchi. Anachaguliwa na madiwani wenzake. Mwaka 2015 Tanga Mjini ilimpeleka bungeni Mussa Mbarouk wa chama cha upinzani, CUF, huku umeya ukienda chama tawala, CCM, baada ya uchaguzi uliojaa mabishano ndani ya baraza. Wapo wanaousimulia hadi leo, kila mmoja na hesabu yake ya kura. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti nchini. Kiongozi asiye na mshindani ana sababu moja pungufu ya kukimbilia kwenye mtaro ulioziba.

Kuna jingine. Diwani akivuliwa uanachama wa chama chake, kiti kimekwenda. Mpiga kura akimchoka, anasubiri miaka mitano. Kati ya hao wawili, diwani atamwogopa yupi?

Pangani

Kusini, mwendo wa kilomita 50 hivi. Njiani kuna Tongoni na magofu yake ya msikiti na makaburi ya nguzo, mji ulioachwa zamani, kabla ya neno halmashauri kuzaliwa. Ukifika Pangani unakuta mto, kivuko cha kwenda Bweni, na majumba ya zamani yenye milango ya nakshi yaliyopangana kuelekea majini. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa Desemba 1889.

Pangani imechakaa kuliko Tanga, lakini uchakavu wake una majina. Niliuliza nyumba tatu za wenyewe, nikajibiwa zote kabla kahawa haijapoa. Moja ya marehemu fulani, warithi wako Unguja, Tanga na Maskati. Nyingine ndugu wawili hawasemezani. Ya tatu ilikuwa ya mzee aliyenijibu. Paa la nyuma limeingia ndani, yeye anaishi vyumba vya mbele.

"Mwanangu, warithi kumi na mmoja," aliniambia. "Wa kuuza wako sita, wa kutengeneza hayupo."

Diwani hapa unakutana naye foleni ya kivuko, na watu humweleza shida zao akiwa na mfuko wa samaki mkononi. Kwa ukaribu, Tanga haioni ndani. Lakini ukaribu hauna mfuko. Mambo makubwa yanayobadilisha Pangani, yaani daraja la mto, barabara ya kwenda Bagamoyo na ukuta wa kuzuia bahari isile mji, yametoka serikali kuu na kwa wafadhili. Diwani ana masikio ya kila mtu na fedha ya kufagia soko. Gofu la mirathi hana uwezo wa kuligusa.

Mombasa

Kaskazini, kupitia mpaka wa Horohoro. Ukivuka Lunga Lunga na kuingia Kenya, lawama nazo zinabadilika. Tanga mtu akiudhika na taka husema "serikali". Mombasa husema "gavana", tena kwa jina.

Tangu 2013, chini ya katiba ya 2010, Kaunti ya Mombasa ina gavana anayechaguliwa moja kwa moja: Hassan Joho hadi 2022, sasa Abdulswamad Nassir. Ina bunge lake, na kodi za ardhi inakusanya yenyewe. Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo yapigwe rangi nyeupe na pembezoni buluu. Wenye nyumba walinung'unika, wengine wakacheka, wengi wakapaka. Mji wa Kale una sehemu ambazo rangi ile imeficha nyufa tu. Boriti za mikoko zimeoza vilevile. Lakini amri ilikuwa na mtoaji, na mtoaji alijibu mwenyewe. Kibarani, dampo lililowanukia wote walioingia kisiwani, lilifungwa na kupandwa miti, taka zikapelekwa Mwakirunge. Watu wa Mwakirunge hawakushangilia.

Kuwajibisha nako kuna meno, ingawa mengine ya bandia. Bunge la kaunti linaweza kumshtaki gavana mbele ya Seneti. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa hivyo mwaka 2020. Lakini kumrudisha nyumbani mjumbe wa wadi kabla ya muda wake kumebaki kwenye karatasi, hasa baada ya Mahakama Kuu kufuta vifungu vya utaratibu huo mwaka 2017. Dereva mmoja wa tuktuk alinipa hesabu yake: "Nyinyi hamjui wa kumlaumu. Sisi twamjua, twamlaumu, na taka zipo." Nilimwambia kujua ni hatua. Akaniambia hatua moja haivuki maji ya Likoni.

Vya kuazimana

Nikipanga kurasa hizi pamoja naona kwamba kuwajibika kunataka vitu vitatu vikae kwa mtu mmoja: uso tunaoufahamu, mfuko tunaouhesabu, na njia ya kumtoa. Pangani wana uso. Mombasa wana uso na mfuko, na nusu ya njia. Tanga ina mfuko wa kutosha, lakini umegawanywa kwa watu ambao mpiga kura hakuwachagua.

Katiba haibadilishwi na mkutano wa mtaa. Ila kuna yanayowezekana bila katiba mpya. Baraza la madiwani linakutana kila robo mwaka, na wananchi wana ruhusa ya kuingia kusikiliza. Mkutano wa mtaa unatakiwa kila miezi miwili. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka ikiitaja halmashauri kwa jina. Jiji linaweza kutengeneza orodha moja ya majengo hatarishi ya katikati ya mji, kila jengo na mwenyewe: shirika, wizara, wakfu au warithi, na tarehe aliyoandikiwa barua ya mwisho. Ibandikwe ofisi ya kata. Kazi hiyo haingoji Hazina. Inataka karatasi na ujasiri wa kuandika kwamba mmiliki wa gofu lile ni taasisi ya serikali.

Bibi wa mkutanoni alistahili jibu hilo. Diwani asiye na fedha ya kutengeneza ukuta bado anaweza kutwambia ukuta ni wa nani, kamwandikia lini, na kajibiwa nini. Akishindwa hata hilo, hapo TARURA haina kosa, wala TRA, wala Hazina. Hapo kosa ni lake, na kura ijayo ni yetu.