Kutoka Ujiji Kwenda Morogoro

Wazee wenzetu wa Ujiji, ambao vijana wao wamefaulu, hutuuliza: akihamia Morogoro, asome chuo kipi? Swali ni zito, kwani safari ya mtoto mmoja huweza kumeza mashua au shamba la michikichi la nyumba nzima.

Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 hupita Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ziwani. Mji umelala chini ya milima ya Uluguru. Mgeni wa kwetu hatapata dhiki huko, ila atawakumbuka dagaa.

Vyuo vikuu vya serikali ni viwili. Sokoine, kilichosimama peke yake mwaka 1984, ki papo hapo mjini. Sifa yake ni kilimo, mifugo na misitu. Mzumbe ki nje ya mji, yapata kilomita 20. Kilianza mwaka 1953 kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa, kikawa chuo kikuu mwaka 2001, na hufundisha sheria, uhasibu na utawala. Kile cha Waislamu, kilichofunguliwa mwaka 2005, ki mji huohuo, lakini si cha serikali.

Sisi twapendelea Sokoine. Nchi ya michikichi na uvuvi yahitaji wajuzi wake, nao vijana wetu wakimbilia mno meza za ofisi!

Hata hivyo binti mmoja wa madrasa yetu ameshika Mzumbe, asome sheria. Babaye alikuwa na mashua mbili. Sasa anayo moja.