Steringi Hafi

Nilimuua mpelelezi wangu Jumapili moja asubuhi, ukurasa wa mwisho wa daftari la tatu. Nilimpiga risasi mbili gatini, mvua inanyesha, nikaweka nukta. Siku hiyo nilijiona mwandishi kweli kweli. Jioni nikampa dada yangu asome. Akasoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akanirudishia bila kunitazama.

"Mfufue," akasema.

"Hadithi ndivyo inavyokwisha, dada."

"Steringi hafi, bwana. Mfufue."

Ndugu msomaji, kama umekulia kwenye mabanda ya video, sheria hiyo uliijua kabla hujajua kusoma. Steringi atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa baharini ndani ya gunia, na watoto waliokaa mbele hawana hata wasiwasi. Picha haijaisha, na steringi hafi. Mimi nilikuwa nimeshaidharau sheria hiyo. Niliiona ya kitoto. Nilitaka mwisho mzito, wa kumfanya msomaji akae kimya. Lakini neno la dada lilinikumbusha sebule ya mjomba wetu, ambako nilipata kuwasikia watu wazima wakigombana juu ya jambo hilo hilo.

Mjomba alikuwa baharia. Alipostaafu akarudi Tanga na begi la nguo na kasha la diski za tamthilia moja ya Marekani, Magnum, P.I. Ilirushwa na CBS kuanzia 1980 hadi 1988, na Tom Selleck ndiye aliyecheza kama Thomas Magnum, mpelelezi wa kujitegemea kule Hawaii. Ana masharubu, shati la maua, na gari aina ya Ferrari jekundu ambalo si lake. Gari na nyumba anayolala ni mali ya mwandishi tajiri wa riwaya, Robin Masters. Msimamizi wa mali hiyo ni Higgins, mzee wa Kiingereza mwenye mbwa wawili wakali, na haipiti siku bila yeye na Magnum kukwaruzana. Wapo pia T.C., rubani wa helikopta, na Rick. Wao wawili na Magnum walipigana pamoja vita vya Vietnam.

Tulikuwa tukikusanyika jioni: mimi, dada, kinyozi wa jirani, na mwalimu mmoja mstaafu. Mjomba alitutafsiria, mara nyingine akiongeza chumvi yake. Sehemu iliyotugawa ni ile iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 1982, ambamo Magnum anakutana tena na Ivan, Mrusi aliyewatesa walipokuwa mateka vitani, na ambaye safari hii amesababisha kifo cha rafiki yao. Mwishoni Ivan amesimama hana silaha. Hana hofu. Anamjua Magnum kuwa ni mtu wa heshima, hawezi kumpiga risasi mtu wa namna hiyo. Magnum anamuuliza swali moja dogo, kisha anafyatua. Picha inaganda hapo hapo.

Wee! Sebule ililipuka. Mwalimu alisimama kabisa. Alisema steringi akiua mtu mikono mitupu hana tena tofauti na adui, na kwamba mwandishi amewakosea watazamaji waliomwamini mtu huyo. Kinyozi akasema haki imetendeka, tena imechelewa. Mjomba hakutafsiri tena; alisema tu kwamba waliotoka vitani hawarudi wote, hata wanaoonekana wamerudi. Dada yeye alisema, "Mtazameni usoni. Hajafurahi." Walibishana mpaka chai ikapoa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata kwao Marekani sehemu hiyo inazungumzwa hadi leo, na ubishi wenyewe ni huo huo.

Kisha tukafika mwaka 1987. Msimu wa saba uliandaliwa uwe wa mwisho. Magnum anapigwa risasi. Mwili uko hospitali, yeye mwenyewe anazunguka kama kivuli akiwaaga watu wake bila wao kumwona, na mwisho anatembea kuingia mawinguni. Mjomba alizima televisheni. Hakuna aliyesema kitu. Kumbe ule ndio mwisho mzito niliokuwa nautaka mimi, na tazama, kinyozi alikuwa anafuta macho kwa taulo la kazini.

Lakini watazamaji wa Marekani hawakuukubali. Walilalamika, na ukatengenezwa msimu wa nane, mfupi, Magnum akazinduka. Hapo mwanzo niliwacheka. Nilisema basi mwandishi akishaanza kusikiliza makelele ya watu, kalamu si yake tena.

Nilibadili mawazo nilipoona sehemu ya mwisho kabisa, ya Mei 1988. Kwa miaka watazamaji walikuwa wakibishana: huyu Robin Masters, ambaye sura yake hatuoneshwi na tulikuwa tukisikia sauti yake tu, si ndiye Higgins mwenyewe? Katika sehemu hiyo Higgins anakiri kwamba ndiye. Baadaye anasema alidanganya. Rick anafunga ndoa, na picha inatuacha kabla hatujawa na uhakika wa jibu lake mbele ya mfungishaji. Naye Magnum anawatazama watazamaji, anawaaga, anabonyeza rimoti, kioo kinazimika. Umeona? Walidai uhai wa mtu, wakapewa. Walitaka na majibu ya mafumbo yote, wakanyimwa.

Hadithi hiyo ilijirudia. Mwaka 2018 CBS ilianza kuionyesha upya, safari hii Jay Hernandez akiwa Magnum bila yale masharubu, na Higgins akiwa mwanamke, Perdita Weeks. Wapo waliosusa kwa hayo mawili tu. Waliobaki waliipenda hasa. Mei 2022, Magnum na Higgins mpya wamekwisha kubusiana, CBS ikatangaza kuikata. Wapenzi wake wakapiga kelele tena, na mwezi uliofuata NBC ikaichukua. Zikatoka sehemu ishirini zaidi, ya mwisho ikionyeshwa Januari 2024.

Nimewaza sana kwa nini watu wahangaike hivyo kwa mtu asiyekuwapo. Sidhani ni kwa ajili ya kesi. Kesi za Magnum nyingi nimeshazisahau. Nisichosahau ni jinsi anavyoomba funguo za gari, jinsi Higgins anavyoanza kusimulia visa vyake vya jeshini na hakuna anayetaka kusikia. Mtu akiingia nyumbani kwako kila wiki kwa miaka minane, huyo tena si mgeni. Ukimzika bila kuwauliza wenye nyumba, watakuuliza.

Sasa nirudi kwa dada. Nilibishana naye siku tatu. Nilimwambia kifo kipo, watu hufa, riwaya isidanganye. Siku ya tatu akasema:

"Huyu mpelelezi wako anakohoa kidogo kabla ya kusema uongo. Unadhani sijui umemtoa wapi?"

Nilinyamaza. Kaka yetu alikuwa akikohoa hivyo. Pikipiki ilimuua barabarani miaka minne iliyopita, asubuhi, anakwenda kazini.

"Kwa kaka hatukuulizwa," dada akasema. "Kwa huyu umeniuliza mwenyewe. Nimekujibu."

Usiku ule nilichana ukurasa wa gatini. Sikumfufua kwa muujiza, maana nisingeweza kumwangalia mwalimu usoni. Niliirudia sura nzima. Mvua ipo, gati lipo, lakini mpelelezi wangu anachelewa basi, anafika risasi zimekwisha kulia, na barua iliyomwita pale haina jina. Anaitia mfukoni na kuelekea stendi. Nukta.

Dada amemaliza kuisoma jana. Safari hii alinitazama.

"Sawa," akasema. "Sasa aliyeandika barua ni nani?"

Nikakohoa kidogo, nikamwambia sijui.